Damu Yenye Kutembea na Damu Yenye Kuganda: Somo kwa Wamama wa Kliniki



Somo la leo ni juu ya damu. Hatutasema juu ya upungufu wa damu, kwa maana hilo mulikwisha kujifunza. Leo tunauliza neno moja: Kwa nini damu inaganda mahali pa kidonda, na kwa nini haigandi ndani ya mwili wa mutu muzima? Mama akifahamu jibu la ulizo hili, atafahamu tena kwa nini wauguzi wanamuamsha kitandani mapema kisha kuzaa, hata kama angali na uchovu. Na atafahamu kwa nini tunakataza kukanda muguu mumoja wenye kuvimba.

1. Mama mumoja na muguu wake

Miaka mingi imepita. Nilikuwa muuguzi kijana, nikitumika mu hospitali moja ya mbali. Mama mumoja alizaa kwa kupasuliwa. Mutoto alikuwa muzima, mwenye kulia kwa nguvu. Mama alikuwa amechoka, na sisi wauguzi tulimuacha alale. Tulifikiri ni huruma. Ndugu zake walimuletea uji, walimuosha palepale kitandani, walimugeuza kama mutoto. Siku ine hakukanyaga chini.

Siku ya tano akasema: «Muguu wangu wa kushoto ni muzito.» Tuliangalia. Ulikuwa umevimba kidogo kupita ule wa kuume, na ulikuwa na moto. Mama mukwe wake akaleta maji ya moto na mafuta ya mawese, akamukanda kwa nguvu asubuhi na magaribi. Hakuna hata mumoja wetu aliyemukataza. Mimi mwenyewe nilimuletea beseni.

Siku ya saba yule mama alisimama ili aende kuoga. Akashika kifua. Akasema hapati pumzi. Akaanguka. Munganga alikuja mbio, lakini mama alikuwa amekwisha kufa. Mutoto alilelewa na mama mukwe yule yule.

Siandiki habari hii ili nihukumu yule mama mukwe. Alikanda kwa upendo, kama alivyofundishwa na mama yake. Sisi ndio tuliopashwa kujua. Tangu siku ile, kila darasa la wauguzi ninalofundisha linapata somo hili, na leo ninalileta kwenu, wamama. Kwa maana munganga haoni muguu wako kila siku. Wewe na mama mukwe wako munauona.

2. Ndani ya damu kuna nini?

Damu inaonekana kama maji mekundu tu, lakini siyo hivyo. Ndani ya maji ya damu kuna chembe za namna tatu.

Chembe nyekundu zinabeba pumzi toka mapafu na kuipeleka mwilini mwote. Chembe nyeupe zinapigana na magonjwa. Za tatu ni vipande vidogo sana vyenye umbo la sahani. Wauguzi wanaviita plaketi. Katika somo hili tutaviita *vigandishi*, kwa maana kazi yao ni kuanza kugandisha damu.

Vigandishi vinatengenezwa ndani ya mifupa, mu urojo wa mufupa. Kila kimoja kinaishi siku 7 mpaka 10 tu, kisha vingine vinakamata nafasi yake. Tone moja dogo la damu, lisilopita milimita moja kila upande, liko na vigandishi elfu 150 mpaka elfu 400. Ni vingi, lakini wakati wote mutu akiwa muzima vinapita tu kimya, bila kushika kitu, sawasawa na watu wenye kupita mu barabara siku isiyo ya soko.

3. Namna damu inavyoganda

Mama anamenya muhogo, kisu kinamukata kidole. Damu inatoka. Mambo haya yanafuatana:

*Kwanza,* mushipa uliokatwa unajikaza wenyewe, kusudi damu isitoke nyingi.

*Pili,* vigandishi vyenye kupita vinagusa nyama ya mushipa iliyo wazi. Palepale vinaamuka. Vinaacha umbo la sahani, vinatosha miiba kama mikono, vinashika pale pa kidonda. Tena vinatupa dawa yao ndani ya damu ili kuita vingine. Vinakuja, vinashikana, na tundu linazibwa kwanza na vigandishi.

*Tatu,* maji ya damu yanatengeneza nyuzi nyembamba sana. Nyuzi zinafumana kama wavu wa wavuvi. Chembe nyekundu zinakamatwa ndani yake kama samaki. Sasa tuko na bonge la damu lenye nguvu, na damu inasimama.

Hii ni zawadi kubwa. Bila kuganda kwa damu, kisu kidogo cha jikoni kingeweza kutuua. Mu materniti, kama mama anatoka damu nyingi kisha kuzaa, tunatia damu yake kidogo ndani ya chupa ndogo ya kioo iliyo safi, tunaishika mukononi, tunangoja. Kama dakika 7 zimepita na damu haijaganda, ao bonge lake ni laini na linavunjika, tunajua ya kwamba kuganda kwake kumeharibika, na tunamuita munganga bila kukawia.

Lakini angalieni vizuri: vigandishi havina akili. Vikiamuka mahali pasipo kidonda, vitafanya kazi ile ile, na bonge litafunga mushipa ambao damu ilipashwa kupita ndani yake. Basi, nani anavizuia?

4. Zamu wa ndani ya mushipa

Kila mushipa wa damu umefunikwa ndani na ngozi nyembamba sana. Unene wake ni wa chembe moja tu. Zamani watu walifikiri ngozi hii ni kama rangi ya ukuta, haina kazi. Leo tunajua ya kwamba ni zamu, mulinzi asiyelala usiku na mchana.

Zamu huyu anatumia nini? Anatumia hewa. Ngozi ya ndani ya mushipa inatengeneza hewa inayoitwa monoksidi ya azoti. Wengine wanaiita oksidi ya nitriki. Inaitengeneza kutoka kwa kipande cha protini ya chakula chetu, pamoja na pumzi tunayovuta. Hewa hii haikai. Kisha sekunde chache imekwisha, na zamu anapashwa kutengeneza ingine. Ndiyo maana kazi yake haina siku ya kupumzika.

Hewa ile inaenda pande mbili.

Upande wa inje, inaingia mu nyama ya mushipa na kuilegeza. Mushipa unapanuka, damu inapita vizuri, tansiyo haipandi bure.

Upande wa ndani, inakutana na vigandishi. Inaingia ndani yao bila kubisha mulango, kwa maana hewa haihitaji mulango. Inashusha kalsiumu iliyo ndani ya kigandishi, ambayo kigandishi kinaihitaji ili kibadilishe umbo na kutosha mikono. Basi kigandishi kinatulia. Hakishiki ukuta, hakishikani na mwenzake. Ni kama zamu anakiambia: «Pita, ndugu, hapa hakuna kidonda.»

Zamu hafanyi kazi peke yake. Ngozi ile ile inatosha dawa ya pili, jina lake prostasiklini, na hizo mbili zinasaidiana.

Sasa munaweza kufahamu neno hili zuri: mahali kisu kilipokata, ngozi ya ndani imepasuka, zamu hayupo, na vigandishi vinafanya kazi yao. Lakini pembeni ya kidonda ngozi ni nzima, zamu angali pale, na bonge haliendelei kukomea mushipa wote. Ndiyo maana kidole kinapona na mukono wote haugandi.

Jambo hili lilijulikana namna gani? Mu mwaka wa 1980 mwalimu mumoja wa New York, Robert Furchgott, alitangaza jambo la ajabu. Alikuwa akipima vipande vya mushipa wa sungura. Alipotia dawa fulani, mushipa ulilegea. Lakini kama ngozi ya ndani ilikuwa imekwaruzwa, dawa ile ile iliukaza. Akafahamu ya kwamba ngozi ya ndani inatosha kitu chenye kulegeza, lakini hakujua ni kitu gani. Mu mwaka wa 1987 Salvador Moncada na wenzake, katika Uingereza, walionyesha ya kwamba kitu kile ni hewa hii, tena ya kwamba inazuia vigandishi kushikamana. Mu 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Zawadi ya Nobel kwa sababu ya kazi hiyo.

Neno la kuangalisha: musichanganye hewa hii na hewa ya mbabula. Makala yenye kuwaka yanatosha hewa ingine, monoksidi ya kaboni, ambayo inaua watu wenye kulala. Usilale na mbabula ndani ya nyumba yenye kufungwa, hata kwa baridi, hata kwa sababu ya mutoto muchanga.

5. Nani anamuamusha zamu?

Damu yenyewe. Damu ikitembea kwa nguvu, inasugua ngozi ya ndani ya mushipa, na kule kusugua kunaiamusha itengeneze hewa nyingi. Damu ikisimama, zamu anasinzia.

Damu ya miguu iko na kazi nguvu, kwa sababu inapashwa kupanda juu mpaka moyoni. Moyo hauwezi kuivuta peke yake. Nyama ya nyuma ya muguu, chini ya goti, ndiyo pompi yake. Kila hatua unayotembea, nyama ile inaminya mishipa na damu inapanda. Mutu akilala siku nyingi bila kujongea, pompi imesimama, damu inakawia mu miguu, na wavu wa nyuzi unaanza kufumwa mahali pasipo kidonda.

Kwa mama mwenye mimba na mama aliyezaa, hatari hii ni kubwa kupita kwa watu wengine. Sababu ni tatu:

*Sababu ya kwanza:* wakati wa mimba mwili wa mama unaongeza nguvu ya kugandisha damu. Mwili unajitayarisha kwa siku ya kuzaa, ili mama asipoteze damu nyingi. Ni hekima, lakini nguvu ile haiishi siku ile ya kuzaa. Inabaki kwa juma nyingi.

*Sababu ya pili:* tumbo la uzazi lenye mutoto linakandamiza mishipa mikubwa yenye kurudisha damu ya miguu. Kwa namna mishipa ilivyopangwa, upande wa kushoto unakandamizwa zaidi. Ndiyo maana kwa wamama wenye mimba bonge linaonekana mara nyingi mu muguu wa kushoto.

*Sababu ya tatu:* kuzaa, na zaidi kuzaa kwa kupasuliwa, kunajeruhi mishipa, na kunamulaza mama kitandani.

Hatari ni kubwa zaidi mu juma 6 za kwanza kisha kuzaa. Inaongezeka tena kwa mama aliyepasuliwa, aliyetoka damu nyingi, aliye na homa ya uzazi, aliye na mwili munene sana, mwenye kuvuta tumbaku, na kwa yule ambaye yeye ao ndugu yake wa damu alikwisha kupata bonge mu muguu.

Basi, mama, fanya hivi:

Kama umezaa kwa njia ya kawaida na uko muzima, simama na tembea kidogo siku ile ile. Mara ya kwanza usisimame peke yako. Mutu akushike mukono.

Kama umepasuliwa, anza kitandani. Kunja na kunjua vidole vya miguu, zungusha vifundo, mara kumi kila saa ukiwa macho. Kisha, muuguzi akikuruhusu, kaa kando ya kitanda, simama, tembea mpaka mulangoni. Mara nyingi hiyo ni siku ile ile ao kesho yake. Kidonda kitauma, lakini hakitafunguka kwa sababu ya kutembea polepole.

Kunywa maji ya kutosha. Mwenye kunyonyesha ana kiu mara mbili.

Usifunge kikwembe kwa nguvu sana kiunoni ao mapajani. Kikikuachia alama mu ngozi, kinazuia damu.

Ukisafiri mbali, mu gari ao mu mutumbwi, jongeza miguu mara kwa mara. Gari likisimama, shuka utembee.

Desturi ya kumupumzisha mama aliyezaa ni nzuri. Mwenye kuzaa asibebe maji, asikate kuni, asiende shamba. Hayo tunayasifu. Lakini kupumzika siyo kulala kama mugonjwa. Mama atembee ndani ya lupango, ashike mutoto wake, akae na wenzake.

6. Alama za hatari

Angalia miguu yako yote miwili kila siku. Wakati wa mimba wamama wengi wanavimba miguu yote miwili kidogo magaribi, na asubuhi imepungua. Bonge la damu siyo hivyo. Alama zake ni hizi:

- Muguu mumoja unavimba kupita mwingine.
- Nyama ya nyuma ya muguu ao paja inauma, hata bila kuigonga.
- Muguu ule ni moto, ao rangi yake inabadilika.
- Uchungu unakuja juu ya paja, karibu na tumbo, na kutembea kunakuwa nguvu.

Kama bonge limekatika, linafuata damu mpaka moyoni, kisha linaingia mu mapafu na kufunga njia. Alama zake zinakuja kwa gafula:

- Pumzi inakuwa fupi bila sababu.
- Kifua kinachoma, zaidi wakati wa kuvuta pumzi.
- Mama anakohoa damu.
- Moyo unakimbia, mama anazimia.

Ukiona alama moja ya muguu, kuja hospitali siku ile ile. Usingoje siku ya kliniki. Ukiona alama ya kifua, usingoje hata saa moja. Mama asitembee kwa miguu safari ndefu. Abebwe kwa tipoyi, kwa pikipiki, ao kwa gari.

Usikande muguu mumoja wenye kuvimba. Usitie maji ya moto. Usichanjwe. Kukanda kunaweza kukata bonge na kulituma mu mapafu. Kumbuka yule mama wa hospitali ya mbali.

Mu hospitali tutafanya nini? Munganga atapima muguu, na pale mashini iko, atautazama kwa ekografi. Kisha atatoa dawa ya kuzuia kuganda, kwanza mara nyingi sindano ya heparini. Dawa hii haiyeyushi bonge kwa mara moja. Inalizuia lisiongezeke, na mwili wenyewe unaliyeyusha polepole. Kwa hiyo dawa inafuatishwa miezi mitatu ao zaidi. Usiiache kwa sababu uchungu umekwisha. Heparini haipiti kwa mutoto tumboni, na mama mwenye kuitumia anaweza kunyonyesha bila woga. Lakini kama uko na vidonge vya kuzuia kuganda nyumbani na unafikiri uko na mimba, sema mara moja, kwa maana vingine vinaharibu mutoto tumboni.

Tena, mama aliyepata bonge amuambie muuguzi wa mpango wa uzazi. Vidonge vingine vya kupanga uzazi vinaongeza kuganda kwa damu, na njia zingine hazifanyi hivyo. Tutakuchagulia njia inayokufaa.

7. Zamu na tansiyo ya mimba

Munajua ugonjwa wa tansiyo ya mimba, ule unaoweza kuleta kifafa. Ugonjwa huu unagusa zamu yule yule. Kondo la nyuma lisilopata damu vizuri linatupa ndani ya damu ya mama vitu vyenye kudhoofisha ngozi ya ndani ya mishipa. Hewa ya kulegeza inapungua. Mishipa inajikaza, tansiyo inapanda. Vigandishi vinaamuka bure na kutumika bure ndani ya mishipa midogo, mpaka hesabu yao inashuka. Kwa mama mwingine inashuka chini ya elfu 100. Basi yule mama ako na matata mbili pamoja: damu inaganda mahali isipopashwa, na siku ya kuzaa vigandishi vinaweza kukosa.

Ndiyo sababu tunapima tansiyo yako kila mara. Ikifika 14 juu ya 9, hatuwezi kunyamaza. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza ao nyota, tumbo likiuma upande wa juu, uso ukivimba, kuja palepale.

Kwa wamama wengine wenye hatari kubwa, kwa mufano yule aliyepata kifafa cha mimba zamani, munganga anaweza kuandika aspirini kidogo, miligramu 75 kwa siku, kuanza mbele mimba haijafika juma 20. Aspirini hii inatuliza vigandishi. Kwa sababu kigandishi hakiwezi kujitengeneza tena, kile kilichoguswa na aspirini kinabaki vile mpaka mwisho wa maisha yake. Basi usijinunulie aspirini sokoni. Kipimo kikubwa kinaleta kutoka damu. Na mutoto mwenye homa asipewe aspirini kabisa.

8. Watoto wenye damu ya SS

Wamama wenye watoto wa anemia SS, neno hili ni lenu pia. Mu ugonjwa huu chembe nyekundu zinavunjika bure, na vitu vyekundu vilivyo ndani yake vinamwagika mu maji ya damu. Vitu vile vinameza hewa ya zamu mbele haijafanya kazi. Mishipa inajikaza na vigandishi vinaamuka, pamoja na chembe zenye umbo la mundu kushikamana njiani. Usingojee maumivu makubwa. Mupe mutoto maji ya kutosha, mufunike kwa baridi, mulete kwa kila homa. Akipoteza nguvu ya mukono ao muguu, ao mudomo ukienda upande, mulete palepale, kwa maana mushipa wa kichwa unaweza kuwa umefungwa.

9. Chakula kinasaidia?

Kinasaidia kidogo, na ni kidogo chenye kufaa. Kipande cha protini ambacho zamu anatengenezea hewa kinapatikana mu maharagi, karanga, samaki na nyama. Tena majani mabichi kama lengalenga yako na chumvi ambayo mate ya kinywa na tumbo vinaweza kuigeuza kuwa hewa ile ile. Kula majani kila siku. Ni chakula cha bei ndogo. Lakini tusidanganyane: lengalenga haiponyeshi bonge la damu. Mwenye muguu kuvimba aje hospitali, atakula lengalenga kisha.

Tumbaku, ya kuvuta ao moshi wa bwana ndani ya nyumba, inamuharibu zamu. Mama aseme na bwana wake kwa upole, avutie inje.

10. Mambo ya kushika

1. Vigandishi vinafunga kidonda. Ngozi ya ndani ya mushipa inavituliza kwa hewa yake mahali pasipo kidonda.
2. Damu yenye kutembea inamuamusha zamu. Damu yenye kusimama inaganda.
3. Kisha kuzaa, tembea mapema, kidogo kidogo, ukishikwa mukono.
4. Muguu mumoja wenye kuvimba: usikande, kuja siku ile ile.
5. Pumzi fupi ya gafula kisha kuzaa: kuja mbio.
6. Alama hizi ziangaliwe mpaka juma 6 kisha kuzaa, hata ukiwa umekwisha kurudi nyumbani.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini damu inaganda pa kidonda, na haiendelei kuganda mu mukono wote?
2. Mama Fulani alizaa siku tisa zilizopita. Miguu yake yote miwili ilivimba wakati wa mimba na sasa imepungua. Leo muguu wa kushoto umevimba tena, peke yake. Jirani anasema ni baridi tu. Mutamushauri nini?
3. Mu nyumba yenu, nani anamutunza mama aliyezaa? Mutamuelezaje kwamba kukanda muguu ule ni hatari, bila kumupatisha haya?
4. Kutoka kwenu mpaka hospitali ni mbali namna gani? Usiku nani ako na pikipiki ao tipoyi? Muzungumze hilo sasa, mbele shida haijafika.

Mama, karatasi hii usiiweke mu sanduku. Uisome nyumbani kwa sauti, mama mukwe akiwa pale, na bwana akiwa pale. Yule mama mukwe wa zamani, kama mutu angalimusomea mbele ya siku ya tano, angaliacha beseni na kutuita. Ninamujua, angalituita mbio.